Hedhi Nzito Shambani: Mambo Ambayo Mchumaji Chai na Mwajiri Wake Wanafaa Kujua

Mchumaji chai huzijua kilo zake. Majani yanapopimwa anatazama mizani, anahakikisha kilichoandikwa ndicho alichokiona, na mwisho wa mwezi hesabu ikipungua atauliza. Mwanamke huyo huyo akiulizwa na daktari alibadilisha sodo ngapi katika hedhi iliyopita, au damu ilitoka kwa siku ngapi, mara nyingi hana jibu. Husema tu kwamba ilikuwa ya kawaida.

Neno hilo "kawaida" limewagharimu wengi. Katika ukanda wa chai, kuanzia Ainamoi, Belgut na Bureti hapa Kericho hadi Konoin katika kaunti jirani ya Bomet, wako wanawake wanaopoteza damu nyingi kila mwezi na kuendelea na kazi. Wanaongeza kitambaa juu ya sodo, wanafunga leso kiunoni, wanajikaza. Mama zao walijikaza, na shangazi zao pia, kwa hivyo huona kwamba ndivyo mwili wa mwanamke ulivyo. Makala haya yanaeleza namna ya kupita siku ya kazi kwa usafi, na pia ni wakati gani mwanamke anafaa kuacha kujikaza na kwenda zahanati.

Damu nyingi ni kiasi gani?

Hedhi huchukua siku mbili hadi saba kwa wanawake wengi, na hurudi baada ya siku 21 hadi 35, ikihesabiwa kutoka siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya inayofuata. Damu yote ya siku hizo ni kama vijiko viwili au vitatu vya mezani. Wataalamu wametumia kwa miaka mingi kipimo cha mililita 80, yaani vijiko vitano na zaidi kidogo, kuwa mpaka wa hedhi nzito. Bila shaka hakuna anayepima damu yake kwa kijiko, ndiyo maana muuguzi huuliza maswali mengine.

Je, sodo hulowa kabisa ndani ya saa moja au mbili, kwa saa kadhaa mfululizo? Je, sodo moja haitoshi, hadi mbili zivaliwe pamoja? Mwanamke huamka usiku kubadilisha? Hedhi hupita siku saba? Hutoka mabonge ya damu yenye ukubwa wa sarafu ya shilingi 20 au zaidi? Kuna siku ambazo hawezi kwenda kazini, kanisani au sokoni kwa kuogopa kuchafuka? Jibu la "ndiyo" kwa swali moja tu linatosha kumpeleka mtu kupimwa. Na hata kama hakuna kipimo kinachotimia, mwanamke ambaye hedhi yake inamvuruga maisha ana haki ya kutibiwa. Hahitaji kuthibitisha mililita.

Njia rahisi ya kujua ni kuandika. Kalenda ya ukutani inatosha, au daftari lile lile la kilo, au simu. Kila siku ya hedhi aandike idadi ya sodo alizobadilisha na kama zililowa kabisa au nusu. Miezi miwili au mitatu ya rekodi kama hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Siku yenyewe kazini

Ugumu wa kazi ya chai wakati wa hedhi hauko kwenye damu peke yake. Kazi huanza asubuhi na mapema, majani yakiwa na umande. Mchumaji huvaa eproni ya plastiki na gumbuti, hubeba kikapu mgongoni, na hutembea mistari ya chai hadi mchana. Joto hubaki ndani ya plastiki, nguo za ndani hulowa jasho, na alasiri mvua ya Kericho hunyesha kama ilivyo ada yake. Sodo iliyovaliwa saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kutoka nyumbani, haiwezi kuhimili hayo yote hadi saa tisa.

Kisha kuna suala la malipo. Anayelipwa kwa kilo anajua kwamba dakika 20 za kwenda chooni na kurudi ni majani ambayo hakuyachuma. Wanaochuma kwa mashine zinazoshikwa na watu wawili au watatu wana shida nyingine: mmoja akitoka, kundi zima linasimama, na kila mtu anajua kwa nini. Nyapara akiwa mwanamume, wengine huona heri wavumilie kuliko kuomba ruhusa.

Matokeo yake ni mazoea mawili yenye madhara. La kwanza ni kukaa na sodo moja tangu asubuhi hadi jioni. Ngozi huchubuka mapajani, huwasha, hutoa vipele na harufu. La pili, ambalo halitajwi sana, ni kuacha kunywa maji ili mtu asihitaji choo. Mwanamke anayepoteza damu na jasho bila kunywa maji huumwa kichwa na kuona kizunguzungu kabla ya saa sita, na mkojo unaokaa muda mrefu kwenye kibofu huleta maambukizi ya njia ya mkojo. Maji ni ya lazima siku hizo kuliko siku nyingine.

Mfuko wa siku za hedhi

Mwanamke mwenye hedhi nzito anafaa kuwa na mfuko wake mdogo wa kitambaa, ulioandaliwa siku mbili kabla ya tarehe anayotarajia. Ndani yake awe na sodo za kutosha siku nzima na mbili za ziada, chupi moja safi ya pamba, kipande kidogo cha sabuni, chupa ya maji ya nusu lita na kurasa chache za gazeti. Mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo mikebe miwili ya majarini iliyokwisha, yenye vifuniko vinavyobana, itafanya kazi vizuri zaidi. Mmoja ni wa sodo safi, zisiloweshwe na mvua. Wa pili ni wa sodo iliyotumika au chupi iliyochafuka, iliyofungwa kwa gazeti, hadi ifike mahali pa kutupa au kufua. Mikebe hiyo ni migumu na haitoi harufu, na hakuna atakayejua imebeba nini.

Mikono ioshwe kabla ya kubadilisha, si baada tu. Mikono ya mchumaji hushika utomvu wa majani, udongo, na pengine mabaki ya mbolea au dawa ya magugu, na vitu hivyo havifai kufika sehemu za siri. Hapo ndipo ile nusu lita ya maji inapohitajika, kwa maana vyoo vingi vya shambani havina bomba karibu.

Sodo ya kawaida ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, na mapema zaidi ikilowa. Siku mbili za kwanza, ambazo kwa wengi ndizo nzito zaidi, ni busara kupanga nyakati mapema badala ya kungoja dalili ya kuvuja: kabla ya kutoka nyumbani, wakati wa kupima majani mara ya kwanza, wakati wa chakula cha mchana, na kabla ya kurudi. Wakati wa kupima tayari kila mtu amesimama, na mchumaji anayetoka hapo hapotezi kilo. Wawili wakikubaliana kuangaliana vikapu, kazi huwa rahisi zaidi.

Kuosha kunahitaji maji safi pekee, kutoka mbele kuelekea nyuma. Sabuni ya kawaida inaweza kutumika nje kwenye ngozi, lakini isiingizwe ndani. Vivyo hivyo dawa za kuua viini, ndimu, chumvi na marashi. Uke hujisafisha wenyewe, na vitu hivyo huua bakteria wanaoulinda, kisha harufu ambayo mtu alitaka kuiondoa huja kwa nguvu zaidi.

Sodo za kufua ni nafuu kwa anayebadilisha mara nyingi. Mwanamke anayehitaji sodo mpya kila baada ya saa mbili humaliza pakiti ya sodo 8 kabla ya siku moja kwisha, na gharama ya mwezi inakuwa mzigo. Lakini sodo za kufua zina masharti. Zinarowekwa kwenye maji baridi, maana maji ya moto hukaza damu kwenye kitambaa, kisha zinafuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani hadi zikauke kabisa. Eneo letu lina jua la asubuhi na mvua ya alasiri, hivyo zianikwe mapema na awepo mtu wa kuzianua. Mwenye kuona haya anaweza kuzifunika kwa leso nyepesi kwenye kamba. Kuzificha chini ya godoro zikiwa na unyevu ni kukaribisha kuvu. Siku za mvua ya kutwa, pasi ya makaa itamalizia kazi ya jua.

Kikombe cha hedhi nacho kinafaa kutajwa, hasa kwa hedhi nzito. Kimetengenezwa kwa silikoni, hukusanya damu badala ya kuifyonza, na kimoja hutumika kwa miaka kadhaa. Kwa mtu wa kawaida kinaweza kukaa hadi saa 12. Mwenye damu nyingi atahitaji kukimwaga mara kwa mara zaidi. Huchemshwa kabla na baada ya kila hedhi. Katika Kaunti ya Siaya, wasichana wa shule waliopewa vikombe hivyo katika utafiti ulioshirikisha taasisi ya KEMRI walihitaji miezi kadhaa kuvizoea, kwa hivyo anayeshindwa mara ya kwanza asikitupe. Aliyewekewa koili ya kupanga uzazi amuulize muuguzi kwanza, kwani kikombe kikivutwa vibaya kinaweza kuiondoa koili mahali pake.

Upungufu wa damu, na chai yenyewe

Kila tone la damu hubeba madini ya chuma. Mwili unaopoteza damu kupita kiasi mwezi baada ya mwezi hufikia mahali ambapo chakula hakiwezi kufidia. Hapo ndipo upungufu wa damu unapoingia, polepole kiasi kwamba mwenyewe haoni. Anachoka akipanda mlima ambao mwaka jana aliupanda akiongea. Moyo unadunda. Anahema akibeba kikapu, mikono na miguu ni baridi, nywele zinanyonyoka, na wengine hutamani kula udongo au mawe laini yanayouzwa sokoni. Kilo za siku zinapungua, na msimamizi anadhani ni uvivu.

Kipimo chake ni rahisi. Tone la damu kutoka kidoleni huonyesha kiwango cha himoglobini. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu kiwango kilicho chini ya gramu 12 kwa kila desilita kuwa upungufu wa damu. Wapo wanaofika hospitalini wakiwa na saba au sita, na bado wametoka kuchuma asubuhi hiyo.

Hedhi si sababu pekee. Malaria hupunguza damu, na ndivyo wanavyofanya minyoo wa safura, ambao huingia mwilini kupitia nyayo za anayetembea peku kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Mababu waliita kudhoofika huko safura kabla ya maabara kuwapo. Kwa hivyo anayetibiwa upungufu wa damu anafaa pia kuuliza kuhusu dawa ya minyoo, na gumbuti zivaliwe.

Sasa kuna jambo ambalo wakazi wa nchi ya chai hawalipendi sana. Chai, iwe ya rangi au ya maziwa, ina kemikali za tanini zinazoshikamana na madini ya chuma tumboni na kuyazuia yasiingie kwenye damu. Kikombe kinachonywewa pamoja na chakula cha mboga na nafaka kinaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Hakuna anayesema watu waache chai. Zao hili ndilo linalosomesha watoto wetu. Linalohitajika ni kubadilisha saa. Chakula kiliwe kwanza, kisha chai isubiri saa moja au zaidi. Na tembe za chuma zisimezwe kamwe kwa chai wala maziwa.

Vyakula vyenye chuma viko hapa hapa: maini, nyama, omena, maharagwe, ndengu, managu, saga na terere. Chuma cha mboga na maharagwe huhitaji kusaidiwa na vitamini C, kwa hivyo chungwa, pera, nanasi au nyanya mbichi pembeni ya sahani vina kazi. Unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti lazima uongezwe chuma kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2012. Unga unaosagwa kwenye posho mill ya kijijini kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Hata hivyo, mwanamke ambaye himoglobini yake imeshuka sana hawezi kupona kwa mboga pekee. Anahitaji tembe za chuma, na aendelee nazo kwa miezi mitatu hivi baada ya damu kurudi kiwango chake, ili akiba ya mwili ijae. Tembe hizo hufanya choo kiwe cheusi, jambo lisilo na madhara, na wengine husikia kichefuchefu. Muuguzi anaweza kupanga zimezwe siku moja baada ya nyingine. Ziwekwe mbali na watoto. Mtoto akimeza nyingi zinaweza kumuua.

Sababu zinatibika

Hedhi nzito ina sababu nyingi. Uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, ambao wengi huuita faibroidi, huwapata wanawake wengi wenye asili ya Kiafrika na kwa kawaida si saratani. Homoni zinaweza kuvurugika, hasa kwa wasichana wachanga na kwa wanawake wanaokaribia kukoma hedhi. Koili ya shaba huongeza damu kwa baadhi ya watumiaji. Sindano ya kupanga uzazi na kipandikizi vinaweza kufanya hedhi ije ovyo ovyo. Kuna matatizo ya tezi ya shingo, kuna magonjwa ya kurithi yanayozuia damu kuganda (mwenye kutokwa damu puani kila mara na fizi zikivuja amwambie daktari), na kuna mimba inayoharibika, ambayo mwanamke anaweza kudhani ni hedhi iliyochelewa.

Matibabu nayo ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Ibuprofen, ambayo wengi huijua kwa maumivu, hupunguza pia kiasi cha damu ikianzwa siku ya kwanza na kumezwa pamoja na chakula. Paracetamol hutuliza maumivu lakini haipunguzi damu, na aspirini inaweza kuiongeza. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au ugonjwa wa figo asitumie ibuprofen kabla ya kuuliza. Dawa nyingine, asidi ya traneksamiki, humezwa siku za damu nyingi pekee na hupunguza damu kwa karibu nusu. Hutolewa kwa cheti cha daktari, kwa sababu haimfai mtu aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa ya miguu au mapafu.

Kisha kuna koili ya homoni. Wanawake wengi wakisikia "koili" wanafikiria ile ya shaba na kukimbia. Hii ni tofauti: hutoa homoni kidogo kidogo ndani ya mfuko wa uzazi, hupunguza damu sana baada ya miezi michache, na hudumu kwa miaka kadhaa huku ikizuia mimba. Tembe za kupanga uzazi pia husaidia. Upasuaji hufuata pale dawa zinaposhindwa au uvimbe unapokuwa mkubwa, na kuondolewa kizazi ni hatua ya mwisho kabisa.

Yapo mambo yasiyosubiri. Anayelowesha sodo kila saa kwa saa mbili au tatu mfululizo, anayezimia au kuhisi atazimia, na mjamzito yeyote anayetokwa damu wafike hospitalini siku hiyo hiyo. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, katikati ya hedhi, au baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima inahitaji uchunguzi wa haraka wa saratani ya mlango wa kizazi na ya mfuko wa uzazi, hata kama ni matone tu.

Wajibu wa mwenye shamba

Ushauri wote hapo juu hautafaa kitu ikiwa choo kiko mbali, hakina mlango wala maji. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na vyoo vya kutosha, visafi, vya wanawake na wanaume kando, pamoja na maji ya kunywa na mahali pa kunawa. Sheria hiyo inahusu kila mahali ambapo watu wanafanya kazi. Mkulima mdogo wa ekari mbili aliyeajiri wachumaji wanne naye anahusika, ingawa wengi wao hudhani ni sheria ya kampuni kubwa. Kwake, choo cha nyumbani kikiwa wazi kwa wachumaji, na jerikeni ya maji na sabuni mlangoni, tayari ametimiza sehemu kubwa. Mashamba na viwanda vyenye cheti cha Rainforest Alliance vina sharti hilo pia katika masharti ya cheti.

Kinachosahaulika karibu kila mahali ni pipa. Choo cha wanawake kisicho na pipa lenye kifuniko kitajaa sodo shimoni au kuziba, na nyingine zitaishia katikati ya michai. Pipa moja, mtu wa kulimwaga na tanuri la kuchomea taka si gharama kubwa kwa kiwanda wala kampuni. Kwenye mashamba mapana, choo cha kuhamishika kinachofuata wachumaji kutoka kitalu hadi kitalu huokoa muda wa mwajiri mwenyewe.

Kuhusu ruhusa, utaratibu mzuri ni ule usiomlazimu mwanamke kueleza sababu. Mwanamke mmoja katika kila kundi akipewa mamlaka ya kuruhusu wenzake kutoka, suala la kumwambia nyapara mwanamume linakwisha. Malalamiko yasiyosikizwa shambani yanaweza kupelekwa kwa mwakilishi wa chama cha KPAWU, ofisi ya leba, au kwa afisa wa afya ya umma wa wadi, ambaye ana uwezo wa kukagua vyoo.

Mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini ana haki, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, ya angalau siku saba za ugonjwa kwa malipo kamili na saba nyingine kwa nusu malipo katika mwaka, akiwa na cheti cha daktari au cha anayesimamia zahanati kwa niaba yake. Hedhi inayomlaza mtu kitandani ni ugonjwa kama mwingine na inaweza kuandikwa kwenye cheti hicho. Zambia imeenda mbele zaidi: sheria yake inampa mfanyakazi wa kike siku moja kila mwezi bila cheti. Sheria za kitaifa hapa Kenya zimewaangalia zaidi wanafunzi. Kodi ya VAT ya sodo iliondolewa mwaka 2004, na tangu 2017 sheria inaitaka Serikali impe sodo bila malipo kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma. Mama yake aliye shambani bado hununua zake.

Pa kuanzia

Hakuna haja ya kuanza na hospitali kubwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale ambao wakazi huwaita CHP, huzunguka nyumba kwa nyumba na wanaweza kumwelekeza mwanamke kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Huduma katika ngazi hizo mbili hazilipishwi kwa aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kujisajili ni kwa kupiga *147# kwenye simu yoyote. Kwa hospitali za ngazi ya nne kwenda juu, michango ya SHA inapaswa kuwa imelipwa.

Anayehitaji picha ya tumbo au daktari bingwa ataelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho au Hospitali ya Kapkatet. Kwa walio upande wa Bomet kuna Hospitali ya Longisa, pamoja na hospitali za misheni za Tenwek na, upande wa Bureti, Litein. Siku ya kwenda, abebe ile rekodi ya sodo, tarehe ya kwanza ya hedhi iliyopita, majina ya dawa anazotumia zikiwemo za miti shamba, na njia yake ya kupanga uzazi kama anayo. Asisubiri hedhi iishe ndipo aende. Uchunguzi unawezekana hata damu ikiwa inatoka. Na akiambiwa tu kwamba ni kawaida ya wanawake bila kupimwa damu, aombe kipimo cha himoglobini kabla ya kuondoka.